Barua ya malalamiko: naomba koni ya gitaa langu

Tanga
4 Machi 2024

Meneja,
Duka na Karakana ya Ala za Muziki,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUTOLEWA NA KUTUPWA KWA KONI YA ASILI YA GITAA LANGU

Tarehe 8 Januari niliwaletea gitaa langu la chuma, Duolian la kampuni ya National ya Marekani, la mwanzoni mwa miaka ya 1930; sauti yake hutoka kwenye koni ya alumini iliyo ndani. Lilikuwa na tatizo moja tu: uzi wa sita ukipigwa, ndani kulisikika mtetemo mkavu, kama nzi aliyenaswa ndani ya kopo. Kwenye fomu ya mapokezi niliandika kwa mkono wangu, "Kifaa chochote kitakachotolewa kirudishwe kwa mwenye mali." Mhudumu wenu alitia saini mbele yangu, na nakala nimeiambatanisha.

Tarehe 19 Februari nilikabidhiwa gitaa, nikalipa shilingi 180,000, nikarudi nalo Tanga. Usiku ule nilipiga nyimbo mbili nikaliweka chini. Mtetemo ulikuwa umeondoka, ila na sauti yenyewe ilikuwa imeondoka nao. Kesho yake nililegeza nyuzi, nikafungua kifuniko cha mbele chenye matundu. Nilikuta koni ngeni, nzito, ukingo wake umekatwa kwa mkasi wa bati ili uingie, kisha umegandishwa kwa silikoni kuzunguka pande zote.

Nilipopiga simu kuulizia koni yangu nilijibiwa kwamba vipande vya zamani huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kila Ijumaa.

Ndugu Meneja, kwenye stakabadhi yenu pameandikwa "gitaa la bati". Naamini makosa yote yalianzia hapo, kwa hiyo niruhusu nieleze gitaa hili ni kitu gani.

Katika miaka ya 1920 huko Marekani gitaa lilikuwa linamezwa na matarumbeta na ngoma za bendi, na magitaa ya umeme yalikuwa bado hayajaingia sokoni. Mpigaji mmoja wa Los Angeles, George Beauchamp, alimwendea fundi wa ala John Dopyera, mhamiaji kutoka Slovakia, akamwomba gitaa litakalosikika. Dopyera aliweka koni tatu za alumini ndani ya kiwiliwili cha chuma, na kampuni ya National ikaanza kuyauza magitaa hayo miaka ya 1927 na 1928. Baadaye likaja la koni moja, la gharama ndogo zaidi. Dopyera mwenyewe aliondoka kwa kutoelewana na wenzake, akaanzisha kampuni ya magitaa ya Dobro pamoja na ndugu zake. Jina hilo limetokana na Dopyera na neno la Kiingereza "brothers", yaani ndugu, na kwa Kislovakia lina maana ya "njema".

Duolian, la koni moja, lilikuwa gitaa la chuma la bei nafuu kuliko yote ya National, na ndiyo maana liliwafikia watu wasio na fedha nyingi. Son House na Bukka White, wapigaji wa bluzi wa Mississippi, wanajulikana kwa magitaa ya chuma ya National. Mjomba wangu alikuwa baharia. Alilinunua hili mwaka 1974 katika duka la rehani huko Long Beach, California, akalipiga kwa kuteleza kipande cha shingo ya chupa juu ya nyuzi, kwenye kibaraza chetu hapa Tanga mpaka vidole vilipokataa. Aliponikabidhi hakunipa maelezo mengi. Alinionyesha jinsi ya kulipangusa chumvi ya bahari kila jioni, basi.

Sasa kuhusu koni. Umbo lake ni kama kawa la kufunikia chakula: ncha inatazama juu, kwenye nyuzi. Juu ya ncha pamekaa kibao cha mviringo cha mti mgumu wa mepo (maple), ambacho mafundi wa magitaa haya hukiita biskuti, na juu ya biskuti ndipo nyuzi zinapopita. Uzi ukitetemeka, biskuti inatetemeka, koni inausukuma upepo. Ni spika isiyohitaji umeme. Kiwiliwili cha chuma mnachokiona kinang'aa ni nyumba tu. Anayeimba ni koni. Ilitengenezwa kwa bamba la alumini lililozungushwa kwenye mashine ya kukerezea huku fundi akilisukuma taratibu mpaka likashika umbo, na unene wake hata nusu milimita haufiki. Ndiyo maana inaitikia hata mguso wa kucha. Mliyoiweka ninyi ni bamba nene lililogongwa kwa mashine. Haitikisiki mpaka nyuzi zipigwe kwa nguvu.

Tena koni ya namna hii haigandishwi. Inakaa yenyewe juu ya ukingo ndani ya gitaa, ikishikiliwa na mkazo wa nyuzi peke yake, na ukilegeza nyuzi unainyanyua kwa mkono. Kuibandika kwa silikoni ni kumziba mtu mdomo kisha kumwambia aimbe. Ule mtetemo niliolalamikia mara nyingi husababishwa na skrubu ya kifuniko iliyolegea, au kutu na uchafu kwenye ukingo unaofanya koni isikae sawasawa. Kwa hewa yetu ya pwani, kutu ndilo jambo la kwanza ambalo fundi angelitazama. Brashi, kitambaa kikavu na bisibisi, kazi ya asubuhi moja.

Simlaumu kijana aliyeishika kazi hii peke yake. Nilizungumza naye kwa simu, akanijibu kwa adabu, akasema hajawahi kuona gitaa la aina hii na kwamba aliagizwa amalize upesi. Ninaowalaumu ni ninyi mlioandika ukutani kwamba mnatengeneza kila aina ya gitaa, kisha mkamwachia mtu kitu asichokijua, bila hata kunipigia simu. Ningepanda basi siku hiyohiyo, tungekaa tukalifungua pamoja.

Ninachodai kwanza ni koni yangu na biskuti yake. Mtafuteni mnunuzi wenu wa chuma chakavu kabla mzigo haujaenda kuyeyushwa. Gharama za kuvikomboa ni juu yenu. Pili, mnirudishie shilingi 180,000. Tatu, vitu hivyo visipopatikana, mnilipie koni ya kukerezwa kutoka National Reso-Phonic ya San Luis Obispo, California, ambao tangu 1989 wanatengeneza magitaa ya aina hii, pamoja na usafiri na ushuru wa forodha. Silikoni nitaitoa mwenyewe. Gitaa hili halirudi tena kwenye karakana yenu.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata nitapeleka fomu, stakabadhi na picha zote kwa Tume ya Ushindani.

Ili msikosee mkiiona: koni ina upana wa karibu sentimita 24, imefifia rangi, na karibu na ukingo ina kibonyeo kidogo cha ukubwa wa kucha ya dole gumba. Chini ya biskuti kuna herufi mbili za penseli, mwandiko wa mjomba. Mkiipata msiinyooshe wala msiisugue. Ifungeni kwa kitambaa laini, muiweke ndani ya boksi gumu, mnipigie simu, nitaifuata mwenyewe.

Mteja wenu,
Mwenye gitaa la National, Tanga

Viambatanisho: nakala ya fomu ya mapokezi, stakabadhi ya malipo, picha sita.