Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Fedha ya Umma na Maabara Yetu

Ndugu wanachama,

Mlipotuchagua mwaka jana mlitupa kazi moja kubwa: kufuatilia fedha ya umma inayoingia kwenye mafunzo ya usalama wa mtandao chuoni kwetu, tujue inakwenda wapi na inakwama wapi. Nianze na tulipoteleza, maana mengine yote yametokana na hapo.

Barua yetu ya kuomba fungu la maabara ilifika ofisi ya mipango mwezi wa tano. Ilikuwa barua nzuri, kurasa nne, na katibu alikesha nayo. Lakini mwezi wa tano wizara zinakuwa Bungeni zinatetea bajeti zao, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Ofisa aliyetupokea aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akatuuliza kwa upole, "Mwezi wa kumi na moja mlikuwa wapi?" Tukatazamana. Mwongozo wa bajeti hutoka mapema, ukomo wa matumizi unagawiwa, kila idara inapigania chake. Ukija baada ya hapo unakuta sahani zimeshaoshwa. Lawama hiyo ni yangu, katibu msimguse.

Safari hiyo hata hivyo haikwenda bure, kwa sababu tulirudi tukijua pengo liko wapi hasa. Kwa upande mmoja kuna fedha za maendeleo, kama mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia kwa Tanzania wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa ajili ya vyuo vikuu: majengo, vifaa, mitaala, wahadhiri kwenda kusoma. Kwa upande wa pili kuna Bodi ya Mikopo, inayomkopesha mwanafunzi ada, boom (posho ya kujikimu), vitabu na mafunzo kwa vitendo. Katikati hapo ndipo tunapokwama. Leseni ya programu inayoisha kila mwaka, intaneti, betri, mshahara wa fundi wa maabara: hivyo si jengo wala si mwanafunzi. Vingi vyake vinaangukia matumizi mengineyo, yaani fungu la uendeshaji wa kila siku, na fedha zikipungua huko ndiko panga linakoanzia. Kompyuta mpya inazinduliwa kwa utepe, ila sijawahi kuona mtu akikata utepe wa leseni.

Mwezi wa pili nilikaa kiti cha nyuma kwenye kipindi cha uchunguzi wa kidijitali. Zoezi lilikuwa kuchukua nakala kamili ya flashi, kukokotoa heshi (alama ya kitarakimu inayobadilika data ikiguswa hata kidogo) ya flashi na ya nakala, kuona kama zinalingana, ndipo uanze kutafuta picha iliyofutwa. Nakala ilikuwa imefika zaidi ya nusu umeme ulipokatika. Mwalimu, Mungu ampe subira, akachukua chaki akachora kilichobaki ubaoni. Binti aliyekaa mbele yangu akanakili mchoro ule kwenye daftari, akapiga mstari chini yake kwa rula. Sasa fikirieni binti huyo ameajiriwa polisi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaupokea ushahidi wa kielektroniki, ila mahakama inapima ulivyotunzwa na kama haujaguswa. Wakili wa mshtakiwa hatamuuliza kuhusu daftari.

Mnajua pia kwamba tulikwenda sokoni siku mbili kuelimisha watu juu ya ujumbe wa kitapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mama mmoja muuza dagaa alitueleza kwamba ulimwingia asubuhi ileile aliyokuwa anataka kumtumia mwenye nyumba kodi. "Mwanangu, ningejuaje kwamba siye?" Mwizi yule hakuhitaji ujuzi wowote wa kompyuta, alirusha kwa wengi, akabahatisha mwenye kodi mkononi. Ndiyo maana nasema hela hii si ya kuwafurahisha wanafunzi wa TEHAMA peke yao.

Baadhi yenu mlipendekeza tuiombe serikali mpango kama wa CyberCorps wa Marekani, ambako serikali humlipia mwanafunzi wa usalama wa mtandao ada na posho, naye akihitimu anaitumikia kwa muda uleule aliolipiwa. Asipotumikia, fedha inageuka mkopo. Mimi mwenyewe niliupenda. Kisha mwaka 2025 serikali ya shirikisho ikasimamisha ajira, na wahitimu wakajikuta wana deni la utumishi bila pa kutumikia. Kamati kwa hiyo inaunga mkono wazo hilo kwa sharti moja: nafasi itangulie. Halmashauri au taasisi iwe na kibali cha ajira ya ofisa TEHAMA wa usalama kwanza, ndipo mwanafunzi asaini. Wachache hapa mtaona tunajifunga mikono. Tutajadili.

Kuhusu mikopo, wale mliokwisha kupata kazi na bado mnajificha, nawasihi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani na adhabu ya kuchelewa ya asilimia 10 zilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo kisingizio cha deni linalonenepa kila mwaka kimekwisha. Asilimia 15 ya mshahara inayokatwa kulipa mkopo inauma, hata mimi ilinikata miaka kadhaa. Ila hatuwezi kubisha hodi kuomba fungu huku majina yetu yako kwenye orodha ya wadaiwa sugu.

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina. Hesabu hizo hazina mambo mengi, ada zimelegea.

Rasimu ya maombi mapya lazima ikamilike mwezi wa kumi, kila kifaa na bei yake ya soko. Nahitaji wawili waliokwisha kufanya manunuzi kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi ya umma mtandaoni, na yeyote mwenye bei za karibuni za inveta na betri anitumie kabla ya tarehe 15. Tukitoka hapa nitabaki mlangoni na karatasi ya kujiandikisha.