Harambee ya Askari Wetu: Jumapili ya Mwisho wa Mwezi, Baada ya Ibada ya Pili

Bwana asifiwe, wapendwa.

Mnamjua yule ndugu anayesimama nyuma karibu na nguzo ibada nzima, hata wakati wa mahubiri. Wako waliodhani ana kiburi. Ukweli ni kwamba hawezi kuketi kwenye benchi zaidi ya dakika kumi. Ametuambia tueleze habari zake, mradi tusiandike jina.

Alikuwa dereva wa lori jeshini. Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011, na baada ya Kismayu kutekwa mwaka uliofuata yeye alikuwa akipeleka maji na chakula kambini. Siku moja tairi la mbele likakanyaga bomu lililotegwa barabarani. Lori lilirushwa juu, likatua kwa kishindo. Alishuka kwa miguu yake mwenyewe, hana hata tone la damu, akasaidia kuwabeba wenzake. Basi hakuandikwa kwenye orodha ya majeruhi.

Shida yote ilianzia hapo. Mlipuko ukitokea chini ya gari, nguvu yake hupanda kupitia kiti hadi kwenye uti wa mgongo, na pingili za kiunoni zinaweza kupondeka bila ngozi kuchubuka. Miezi kadhaa baadaye mguu wa kushoto ulianza kufa ganzi. Picha zikaonyesha pingili mbili zimebonyea na mshipa wa fahamu umebanwa.

Aliachishwa kazi kwa sababu ya afya. Kiinua mgongo alicholipwa kiliishia kwenye mgongo huohuo: vipimo, dawa, mshipi wa kufunga kiuno. Malipo ya ulemavu hajayaona. Faili lake limeandikwa “maumivu ya mgongo” basi, na ofisi inataka karatasi ya kuthibitisha kwamba aliumia akiwa kazini. Amepeleka barua ya mwenzake waliyekuwa naye siku ile. Akifika anaambiwa arudi mwezi ujao.

Kwenda Mombasa kwa daktari kutoka hapa Voi ni mateso. Hushuka Mackinnon Road, akasimama kando ya barabara mpaka maumivu yapungue, akapanda matatu nyingine. Hushuka tena Samburu, kisha Mariakani. Safari moja, nauli nne.

Tangu 2022 nchi yetu ina sheria ya wanajeshi wastaafu, nasi hatutaacha kudai haki yake. Wazee wawili wa kanisa sasa wanaandamana naye kila anapoitwa ofisini. Lakini watoto wake watatu hawawezi kula faili.

Ndiyo maana tunaitisha harambee. Muhula uliopita alianza kujifunza ufundi wa kusuka upya nyaya za mota na pampu za maji. Kazi hiyo anaiweza, kwa sababu inafanyika mezani. Mwalimu wake alipandisha meza juu ya matofali ikamfika kifuani, na hapo hufanya kazi amesimama, bila kuinama. Mmoja wetu alikwenda kumwona: alikuwa akihesabu mizunguko ya waya wa shaba kwa sauti ya chini, mkono mmoja ukizungusha, mwingine ukiushika waya usilegee. Kwa muda wote huo hakuugusa mgongo wake hata mara moja. Pampu zinazoungua huku kwetu ni nyingi, na mafundi wake ni wachache.

Tunatafuta shilingi 240,000. Karo ya mihula miwili iliyobaki pamoja na ada ya mtihani wa gredi wa NITA (mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani) ni 84,000. Vifaa, waya na meza yake mwenyewe ya kimo kile ni 96,000. Zinazobaki 60,000 ni za mazoezi ya viungo mara moja kwa wiki. Akiyakosa, mguu unarudi kufa ganzi.

Kadi za mchango ziko kwa viongozi wa jumuiya, na mhazini atatoa risiti kwa kila senti. Asiye na fedha alete kuku, mahindi au ndizi, tutanadi baada ya ibada. Mwenye mota mbovu nyumbani pia ailete, apate ya kujifunzia.

Mwenyewe atakuwepo kuwasalimu. Ataongea akiwa amesimama. Tafadhali msimletee kiti.