Kengele msiipake rangi

Mikindani, Novemba

Somoe shoga yangu,

Salaam nyingi. Huku wazima, mama anakusalimia, mguu wake leo afadhali kesho taabani. Korosho za kaka zimeshaingia ghalani ila hela bado, kwa hiyo ukimpigia usimuulize. Ya Halima atakusimulia Chande mwenyewe akikupa barua hii, maana mie nikiyaanza basi litaondoka.

Nimeandika kwa sababu ya ule ujumbe wako wa juzi. Eti Mwalimu Mkuu kanunua rangi ya mafuta, shule nzima ipakwe kabla wathibiti ubora hawajafika, mpaka kengele! Somoe, kuta pakeni, miti ipakeni chokaa kama kawaida yenu, lakini kengele msiiguse. Ningekupigia, ila wewe kwenye simu utacheka kwanza, na ukimaliza kucheka salio langu limekwisha.

Siku ile chini ya mwembe wenu ulidhani natazama maembe. Nilikuwa natazama ubavu wa kile chuma. Chini ya kutu kuna herufi zimetokeza, na tarakimu pembeni yake, zile wanazozitia kiwandani chuma kikiwa bado cha moto. Nilizipapasa kwa kidole nikapata mbili tatu tu, kwa sababu yule mtoto mwenye nati mkononi alitaka kugonga kengele ya mapumziko na alikuwa ananitazama vibaya. Mzee mlinzi alisema ni kipande cha reli ya karanga, ile ya mradi wa Waingereza. Sina sababu ya kumbishia. Reli nyingine ipi iliwahi kufika Nachingwea?

Ninachotaka ni kuzitoa zile herufi kwenye kitambaa. Usiniulize tena kama ni batiki, si batiki. Bahari ikipwa, hasa siku za bamvua, naenda pwani kuokota magome ya mikoko iliyokwisha kuanguka yenyewe (ya kukata sitaki, sina hamu ya kesi). Nayachemsha, natumbukiza bafta, inatoka hudhurungi. Kisha naiviringisha mbichi mbichi kwenye chuma chenye kutu, na siki kidogo, nakaza kwa kamba ya katani, naiacha. Palipogusana na chuma panageuka peusi kabisa, weusi wa wino, maana kutu ikikutana na yale maji ya magome ndiyo inavyofanya. Bafta isiyopita kwenye magome huambulia rangi ya chungwa tu. Nikishafungua naosha kwa magadi kuua ukali wa siki, halafu napiga bandi kwa mkono, mistari ya karibu karibu, kufuata ile michirizi ambayo maji huacha mchangani yakishatoka. Macho yanauma, lakini ndipo ninapopapenda.

Ubaya wake, kutu inakula uzi. Kuna mteja wa Dar alirudisha kitambaa, akasema kinachanika penye weusi, na kwamba yeye alitaka kitu cha kudumu chenye rangi zilizochangamka. Nilimrudishia hela yake. Kwa kitambaa cha reli ile mie sioni tatizo kikija kuisha, kwani reli yenyewe ilidumu? Waingereza walianza mradi wao wa karanga 1947, mwaka 1951 wakaufuta, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Watu wakisimulia wanacheka kwamba mbegu zilizonunuliwa zilizidi mavuno, nami nacheka. Ila hasara ya Wazungu imeandikwa mpaka paundi zake, na babu yako aliyebeba mataruma kichwani hajaandikwa popote. Tumebakiwa na bandari hapa Mtwara, na huko kwenu kengele. Ndiyo maana naing'ang'ania.

Huku wenyewe wa vyuma chakavu wametumaliza. Lile gurudumu la meno nililokuwa nachapia kwenye shamba la zamani la mkonge limepakiwa kwenye guta, nimekuta nyasi zimelala tu. Siwalaumu sana, kilo ni hela. Lakini niliwatukana.

Basi ombi langu: shule ikifungwa Desemba, kengele nayo si inapumzika? Nije na bafta yangu, niifunge pale pale ilipotundikwa, mvua za mwanzo ziinyeshee, niifungue kabla watoto hawajarudi. Najua watakavyosema. Kitambaa kimefungwa kwenye mwembe wa shule, mwanamke wa pwani anakizunguka na chupa ya siki: Mwalimu Somoe kaleta fundi amroge Mwalimu Mkuu! Kwa hiyo afadhali kamati ya shule ijue mapema, na mzee mlinzi awepo. Wakitaka, nitawafundisha watoto kupiga bandi, bure. Chakula changu nakuja nacho, ila ugali wenu wa muhogo siukatai.

Sasa nijibu yote, usichague. Mwalimu Mkuu anasikiliza maneno, au mpaka apite mtu mzima? Mwenyekiti wa kamati ni yule yule wa harusini? Mvua kwenu zimeanza? Herufi ziko upande mmoja tu, au na ule unaotazama ofisini? Babu yako aliwahi kusema alifanya kazi kipande gani, na shangazi yako wa Masasi si anaweza kukumbuka? Nitalala kwako, au bado una wale wageni? Chande anageuza Ijumaa, mpe jibu hata kama ni mstari mmoja. Na kopo la rangi, limeshafunguliwa?

Wako,
Zuhura