Malori ya viazi yanapanda matupu, mbolea tunaifuata mjini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee kuhusu mbolea ya ruzuku, maana huku kwetu Umalila msimu unakaribia na naona yaleyale ya mwaka jana yanakuja tena.

Kwanza niseme wazi, ruzuku imetusaidia sana. Mama Samia alipoizindua pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, siku ya Nane Nane 2022, mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 ulikuwa umefika elfu 131 na ushee, ukashuka mpaka elfu 70. Msimu wa nyuma yake bei ilinishinda nikapanda bila mbolea, mahindi yakatoka membamba majani yamegeuka zambarau, mwanangu akaniuliza mama haya ni mahindi gani. Sitaki turudi huko.

Shida ni kuipata. Msimu uliopita nimeshuka Mbeya mjini mara mbili kufuata mifuko miwili tu. Mara ya kwanza naambiwa imeisha. Mara ya pili ipo lakini mtandao hakuna, na wakala hawezi kukuuzia mpaka aingize namba yako ya mkulima na askani mfuko, basi tumekaa kwenye foleni hadi jioni, wengine wana watoto mgongoni, nikalala gesti nikaipata kesho yake saa tano. Piga hesabu mwenyewe: nauli kwenda na kurudi mara mbili elfu 24, gesti elfu 10, kupakia mifuko kwenye gari elfu 10, bodaboda kutoka barabarani mpaka nyumbani elfu 10 nyingine. Jumla elfu 54. Nafuu ya DAP mwaka ule wa 2022 ilikuwa kama elfu 61 kwa mfuko, yaani nafuu ya mfuko mmoja karibu yote imeishia njiani.

Na nimefika mvua imeshanyesha siku tisa. DAP ni ya kupandia, inaingia shimoni pamoja na mbegu, siyo kama urea ya kukuzia ambayo unaweza kusubiri kidogo. Bibi jirani yangu yeye hana nguvu za kushuka mjini, anampa kijana namba yake na hela zake zote halafu anakaa mlangoni siku nzima anaangalia njia. Inauma jamani.

Sasa mimi ninachoomba hakihitaji hata barabara mpya. Kila wiki malori yanapanda huku kubeba viazi, na yanapanda matupu! Wakala akubaliane na wenye malori, mbolea ije nayo, ishushwe kwenye godauni la kijiji ambalo muda huo halina kitu, auze hapo hata siku mbili kwa wiki na mtendaji atutangazie siku mapema. Kama wasiwasi ni mtandao, pale juu shuleni simu inashika vizuri kabisa, tunaongea na ndugu zetu Dar kila siku.

Wahusika wa kilimo wilayani nawaomba mtupangie hilo kabla ya Novemba. Mbolea ikinikuta hapa kijijini, ile elfu 54 naiongezea kidogo nanunua mfuko wa tatu, kuna nusu eka pale bondeni imelala miaka miwili.

Mama mkulima,
Umalila, Mbeya