Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: nimkabidhi nani daftari?

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,

Salaam kutoka hapa hapa Tanga. Mwezi Juni natimiza miaka 60, nastaafu. Kikaoni imesemwa kuwa nafasi yangu haitajazwa, maana siku hizi kila kitu kipo kwenye simu. Neno hilo limenikaa kooni wiki mbili. Nikaona heri nikuandikie hadharani kuliko kunung'unika barazani Ngamiani.

Barua yangu ya ajira inasema Mtaalamu wa Utafiti wa Taarifa. Mlangoni kwangu pamebandikwa "Maktaba: Kimya". Wengi wameamini mlango.

Mwaka jana alinijia binti wa shahada ya uzamili, mtu wa Muheza, anaandika kuhusu magonjwa ya mkonge. Miezi mitatu katafuta, kapata makala kumi na moja, zote za juzijuzi. Sasa mkonge uliletwa huku mwaka 1893, na Wajerumani wakafungua kituo cha utafiti wa kilimo pale Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902. Miaka yote hiyo hakuna aliyeandika? Nikamwuliza alitafuta vipi. Alikuwa ameandika "sisal Tanzania", basi. Nikamwambia, mwanangu, hili jina Tanzania ni la mwaka 1964. Tukaanza upya: Tanganyika, Deutsch-Ostafrika (jina la koloni enzi za Wajerumani), Usambara, na jina la kisayansi la mmea, Agave sisalana. Skrini ikajaa. Tulichambua mpaka adhuhuri ya siku ya pili. Na makala mbili alizokuwa amezilipia kwa hela ya kaka yake zilipatikana bure kupitia Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaalamu bure au kwa bei nafuu, ambako chuo kimejisajili. Hakuna aliyemwambia.

Mwingine, huyu ni mhadhiri, aliniletea orodha ya marejeo aliyopewa na akili mnemba. Majarida ya kweli, namba za kurasa zimepangwa vizuri, ila makala saba hazijawahi kuandikwa na binadamu yeyote. Kuzinasa kulinila asubuhi nzima. Fomu ya tathmini haina mstari wa kazi hiyo. Inauliza vitabu vilivyoazimwa ni vingapi.

Sikuombi mkataba mpya. Magoti yangu na ngazi zile tumeshagombana. Naomba nafasi itangazwe sasa, kijana akae nami angalau miezi mitatu, kwani ufundi huu nilioanzia Bagamoyo, chuo cha ukutubi, enzi za kadi za katalogi, hausomwi kwenye maelekezo ya ofisi. Na apewe kiti kwenye kamati ya utafiti. Mimi nimekuwa nikiitwa watahini wakishalalamika.

Ninalo daftari, kaunta buku la jalada gumu. Humo nimeandika majina ya zamani ya miji na mimea (Lushoto, kwa mfano, utaitafuta kwa Wilhelmstal), na namna nilivyotafuta kwa kila swali gumu nililoletewa. Liko droo ya juu. Nijibu tu nimkabidhi nani.

Wako mtiifu,
Mtaalamu wa Utafiti wa Taarifa, chumba cha "Kimya"