Wote wanaomba mvua, mimi naomba jua

Shangazi, shikamoo.

Naomba jina langu lihifadhiwe. Mama mkwe wangu hasomi safu hii, lakini wifi yangu anaisoma.

Nina watoto wawili, naishi mlimani huku Kitangiri, Mwanza, chumba na sebule, bati bila dari. Kazi yangu ni dagaa. Alfajiri nashuka mwaloni kungoja mitumbwi, nanunua wabichi kwa ndoo, naanika, na gunia likijaa nalipeleka soko la Mwaloni Kirumba. Kazi hii ni ya wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala ufukweni na sisi tunalala nusu njaa. Kwa hiyo siku zangu za kutafuta ni za kuhesabu, na kila moja inataka jua.

Jua mwaka huu lipo mpaka limezidi. Mwezi wa kumi umepita mkavu, Novemba iko katikati, vuli hatujaiona. Ndugu zangu wa Dar wataniona nadeka, lakini sisi tumezoea nyuzi 28 au 29, na wiki hizi simu ya mume wangu imesoma 33 mara nne. Mchana afadhali, upepo unatoka ziwani. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na yale mawe makubwa ambayo wageni hupanda wapige picha yanaanza kurudisha joto lote yaliloshiba mchana. Egemea jiwe saa nne usiku, utadhani umeegemea tanuri la mkate. Mwanangu mdogo ametoka harara kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Tunalala nje kwenye mkeka, chandarua tumekifunga kwenye kamba ya nguo.

Ila dagaa, Shangazi! Wanakauka siku moja, weupe, wanang'aa. Mvua ikiwakuta juu ya chanja wanabadilika rangi, wananuka, nabaki kuwauzia watu wa chakula cha kuku kwa bei ambayo hairudishi hata pesa ya ndoo. Masika iliyopita ilinimaliza hivyo, nikakopa ule mkopo tunaouita kausha damu, marejesho kila Jumatatu. Tangu Septemba sijaruka Jumatatu hata moja. Zimebaki tano. Basi kila asubuhi nikitandaza dagaa natazama mawingu upande wa Ukerewe, nasema kimoyomoyo: Bwana, bado kidogo.

Mama mkwe ametoka Magu, mkulima. Amepanda mahindi mara mbili. Mbegu ya kwanza iliozea ardhini baada ya manyunyu ya siku moja, ya pili iliota ikanyauka. Mwishoni mwa Oktoba alikuja kwetu na begi moja na kuku wawili. Ni mtu wa shukrani mpaka inachosha. Ukimpa maji, "Wabeja," yaani asante kwa Kisukuma. Upepo ukipita, "Wabeja," anauambia upepo. Mwanzoni, nisikufiche, ilinikera. Nilijiuliza mtu aliyepoteza mbegu mara mbili anashukuru nini.

Jumuiya yetu inasali kila Jumamosi kuombea mvua. Juzi katekista alitusomea habari za Eliya, aliyeomba mvua isinyeshe ikakatika miaka mitatu na miezi sita, kisha akaomba tena mbingu zikafunguka. Wenzangu walishika nusu ya pili. Mimi ya kwanza ilinichoma kama nimetajwa jina. "Amina" ilipofika nilichezesha midomo tu.

Kilichonifanya niandike ni cha wiki mbili zilizopita. Nilikwenda kuteka maji, mama mkwe akashuka kunigeuzia dagaa saa saba mchana, ingawa nilishamkataza. Nilimkuta ameketi chini, ngozi moto na kavu, jasho hakuna, anaongea na baba mkwe ambaye ni marehemu. Tulimvuta kivulini, tukamlowesha maji, tukampepea kwa kanga, tukamkimbiza na bajaji kituo cha afya. Wakamtundikia dripu. Nesi alituambia mtu akichanganyikiwa kwenye joto namna ile si wa kusubiri aone kama atapata nafuu. Nililipa kwa pesa ya marejesho, pesa ya dagaa wa jua lile lile.

Jioni alifumbua macho akauliza kama Magu imenyesha. Nikasema bado. Akanishika mkono: "Wabeja, mwanangu." Nilitoka nje nikalia, na sikulia kwa ajili ya ugonjwa wake.

Tangu siku ile sijui nisali vipi. Mume wangu anasema nafikiri sana, mvua haimsikilizi muuza dagaa. Pengine. Lakini mimi sihangaiki na mvua inasikia nini, nahangaika na kile ninachokisema.

Na kuna jambo sielewi. Saa kumi na moja alfajiri mawe huwa yamepoa. Nakaa ufukweni, mgongo kwenye jiwe la baridi, naziona taa za mitumbwi zikirudi, na shukrani inanijia yenyewe bila kuitafuta. Nimejikuta nasema "wabeja" peke yangu, mimi ambaye lilikuwa linanikera. Sijawahi kushukuru namna hii miaka yote ya hali nzuri. Halafu jua linachungulia, na kabla sijasimama nimeshaanza kuomba lisifunikwe.

Jumamosi ijayo jumuiya inasali kwangu. Mama wa nyumba inayosaliwa ndiye anayeongoza maombi, yaani mimi, na mama mkwe atakuwa amekaa mbele yangu. Je, niongoze maombi ya mvua huku moyo unaomba ichelewe wiki tano? Nimwambie ukweli kabla ya siku hiyo? Simwogopi hasira yake. Naogopa atasema "wabeja" hata kwa hilo. Au nimpe mwingine aongoze, nisingizie koo?

Tena, kama kuna msomaji anayeanika dagaa wakati wa mvua bila mtaji mkubwa, anielekeze. Nimesikia wapo wanaofunika chanja kwa nailoni, kama kibanda, na joto linabaki ndani. Inahitaji mita ngapi, na upepo wa ziwa hauipasui? Nahisi nikiwa na nailoni ile nitaweza kuomba mvua kwa sauti.

Nijibu kabla ya Jumamosi ukiweza.

Mwanika dagaa,
Kitangiri, Mwanza