Ukiambiwa laptopu ina SSD, uliza ni GB ngapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako niseme jambo linalowaumiza watu wengi wanaonunua laptopu used, hasa wanafunzi na sisi wenye biashara ndogo ndogo. Mimi nina steshenari hapa Morogoro, nachapa, natoa kopi, naprinti kazi za wanachuo, na mwaka jana nilienda Kariakoo nikanunua laptopu ya laki nne na nusu kwa ajili ya hiyo kazi. Muuzaji akaniambia mama hii ina SSD, inawaka fasta, hutajuta. SSD ni ile diski ya kuhifadhia vitu isiyo na kitu cha kuzunguka ndani, ina kasi kuliko hadidiski ya kawaida. Na kwenye karatasi iliyobandikwa juu yake wameandika SSD kabisa, nikalipa nikapanda basi nikarudi.

Kufika dukani, kuiwasha tu dakika nne. Mwanafunzi amesimama na fleshi mkononi, muda wa kukusanya kazi unaisha, Word bado inajifungua, wengine wanaondoka wanaenda duka la pili. Nikahangaika nayo miezi miwili nikidhani ni virusi, mpaka kijana mmoja aliyekuja kuprinti projekti yake akaniambia mama hebu niione, akabonyeza vitu viwili vitatu akanionyesha. SSD ipo kweli. Ila ni ya GB 32, na Windows haiko humo, Windows iko kwenye hadidiski ya kuzunguka (ndo wanayoiita HDD) ya GB 500, na ile SSD imelala tu haifanyi chochote.

Nilimbana anieleze vizuri na baadae nikaendelea kusoma mwenyewe, na ndo maana naandika. Miaka ile SSD ilikuwa ghali sana, kwa hiyo mwaka 2011 Intel wakaleta mfumo wa kuweka SSD ndogo pembeni ya hadidiski kubwa, na mwaka 2012 hivi zile laptopu nyembamba wanazoita Ultrabook nyingi zikaja na mpango huo, GB 24 au 32 za SSD pamoja na hadidiski ya 320 au 500. Samsung Series 7 Chronos zilikuja hata na GB 8 tu. Hiyo SSD ndogo kazi yake ni kache, yaani programu inaangalia ni vitu gani unavifungua mara kwa mara, inaviweka nakala humo, kesho ukiviita vinatoka kwenye SSD badala ya kusubiri diski izunguke. Wewe huweki faili lako humo, inajiendesha yenyewe. Mpya kutoka kiwandani inafanya kazi vizuri tu.

Ila hizi zetu sio mpya. Laptopu ikishafika huku inafutwa, inapigwa Windows nyingine haraka haraka ili iuzwe, na ile programu ya kuendesha kache, iwe Rapid Storage ya Intel au ExpressCache, hakuna anayeirudisha. Kwa hiyo kache inakufa siku hiyohiyo, unabaki na hadidiski ya zamani imechoka, na karatasi juu yake bado inasema SSD. Sisemi wauzaji wote wana nia mbaya, wengi nao hawajui, wanaona ile kadi ndogo ya SSD ndani wanaandika walichoona. Lakini hela inayotoka ni ya mnunuzi.

Kuangalia ni dakika moja na ufanye palepale dukani kabla hujatoa hela. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, utaona diski zote zimepangwa upande wa kushoto, na kwenye Windows 10 za kuanzia 2020 inakuandikia kabisa hii ni HDD hii ni SSD. Ukiona HDD yenye kama GB 465 na SSD ya GB 29.8 au 22.4, basi hiyo ndo kache ninayoisema. Halafu bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Start ufungue Disk Management, angalia C, yaani pale Windows inapokaa, iko diski ipi. Kama C iko kwenye ile kubwa ya kuzunguka na ile ndogo ni tupu haina hata herufi, imelala. Kuna kitu kimoja uwe makini, kama kache ya Intel bado inafanya kazi ile SSD ndogo inaweza isionekane kabisa peke yake kwa sababu imeunganishwa na kubwa, hapo fungua programu ya Rapid Storage yenyewe ndo itakuambia.

Na hapa naomba mafundi wanisikilize kwa moyo mweupe kabisa. Mdogo wangu yuko Dodoma, laptopu yake aliinunua mpya 2013, kache yake ilikuwa hai. Akaenda kwa fundi amwekee SSD kubwa, fundi akafungua, akachomoa ile kadi ndogo ya kache, akaweka nyingine, hakuuliza kitu. Windows ikagoma kuwaka na mafaili mengi ya kazi yake yakawa hayafunguki tena. Sababu ni kwamba kuna hali ya kache ambayo unachosevu kinaingia kwanza kwenye SSD, halafu ndo baadae kinapelekwa kwenye hadidiski, sasa ukichomoa katikati umeondoka na kazi ya mtu mkononi. Na ile kadi ilikuwa imeshaformatiwa kwa mteja mwingine. Alilia kwenye simu, ni miaka ya kumbukumbu za kikundi chao cha akina mama. Jamani, kwanza bakapu, pili ingia Rapid Storage uzime hiyo kache uitenganishe na diski, ndo ushike bisibisi. Na kwenye BIOS, yaani ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, usibadilishe namna ya kusoma diski kutoka RAID (inayotumiwa na kache ya Intel) kwenda AHCI (ya kawaida) juu ya Windows ya zamani bila kuiandaa, itakuletea skrini ya bluu.

Ukitaka kuboresha, ushauri wangu mimi achana na kache kabisa. Kuna wanaotaka kutoa ile GB 32 waweke mSATA (SSD ya umbo la kadi ndogo) ya GB 256 iwe kache kubwa, lakini ule mfumo wa Intel unatumia mwisho GB 64 tu. Tena kwenye ThinkPad T430 kwa mfano sloti ya mSATA ni gigabiti 3 kwa sekunde wakati pale inapokaa hadidiski ni 6, yaani kasi yake ni nusu. Nyingine kache imechomelewa kwenye mazabodi haitoki. Kwa hiyo toa hadidiski, weka SSD ya inchi 2.5 ya SATA, nyingi ni nyembamba milimita 7 zinaingia hata kwenye Ultrabook, weka AHCI, piga Windows upya. Mimi nilifanya hivo na GB 240, sa hivi inawaka kabla mteja hajatoa fleshi mfukoni, na ile hadidiski nimeiweka kwenye kasha la USB ndo bakapu yangu.

Wanaonunua za miaka ya baadae kidogo nao waangalie Optane, Intel waliitoa 2017, GB 16 au 32, nayo ni kache hiyohiyo. Kuna matangazo yalikuwa yanaijumlisha na rami, 4 na 16 wanaandika 20. Sio rami hiyo.

Ombi langu kwa wauzaji ni waandike kwenye karatasi HDD GB ngapi na SSD GB ngapi, mbalimbali. Na kwako Mhariri, kama mna ukurasa wa teknolojia naomba mtoe picha ya kadi ya mSATA na kadi ya modemu ya ndani ya laptopu zikiwa zimelazwa pamoja, maana zinafanana mno, na wengi wetu tukifunguliwa laptopu mbele yetu hatujui fundi ameshika ipi.

Mwenye steshenari,
Morogoro